Chanzo, Hatia na Fidia: Baadhi ya Istilahi za Vita vya Karne ya Ishirini

Wafasiri wanaoshughulika na historia ya vita vya karne iliyopita wamezoea kulalamika kwamba Kiswahili kina upungufu wa majina ya silaha. Kwa maoni yetu upungufu huo ni mdogo. Kifaru, mzinga, nyambizi, kombora na manowari yamekwisha kukaa midomoni mwa watu, na hayagombani na mtu. Matata hasa yapo katika maneno ya hukumu: nani alianza, kwa sababu gani, nani abebe dhima, alipe nini, na alipe kwa jina gani. Maneno ya namna hii tunayo tele, tena ya zamani, na kwa kuwa ni ya zamani watu wengi huyatumia bila kuyapima. Mfasiri asiyejua jina la bunduki fulani huuliza. Mfasiri anayeandika *chanzo*, *hatia* au *udhamini* haulizi mtu, maana anaona anayajua.

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza machache kati ya hayo, kama yanavyoonekana katika vitabu vya shule, katika tafsiri za hati za kimataifa na katika magazeti. Hatutataja kitabu wala mfasiri kwa jina, kwa kuwa makosa tutakayoyasema ni ya wengi wala si ya mtu mmoja.

Tuanze na jina lenyewe, tulipite upesi. *Vita* ni neno la ngeli ya KI-VI ambalo katika matumizi ya leo limebaki na umbo la wingi tu. Hivyo usanifu wataka *Vita Vikuu vya Pili*, si *Vita Kuu ya Pili*, ingawa hilo la pili limeenea mno hata katika maandishi ya ofisi. Kosa hilo halimdhuru mtu. Lenye madhara ni lingine: kutia *vya Kwanza* ndani ya hati za miaka ya 1920. Aliyeandika wakati huo hakujua kwamba vitakuja vya pili, na alisema *Vita Vikuu* tu. Mfasiri anayemtilia maneno kinywani humfanya nabii. Hali kadhalika *uasi wa Maji Maji*. Kuasi ni kuvunja utii unaostahili; mtoto humwasi mzazi, raia huiasi serikali yake. Waliopigana na Wadachi kati ya 1905 na 1907 hawakuwa wamewaahidi utii wowote, na wengi wetu tumekwisha kusema *Vita vya Maji Maji*. Hata hivyo, mfasiri wa ripoti ya Kijerumani ya wakati ule hana ruhusa ya kuandika *vita* pale ambapo mwandishi mwenyewe aliandika *uasi*. Neno hilo ni ushahidi wa jinsi mtawala alivyojiona, na ushahidi haurekebishwi.

Sasa tuingie katika *sababu* na *chanzo*. Swali la kawaida la mtihani ni hili: taja sababu za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwanafunzi hujibu, pamoja na mengine, ya kwamba Wajerumani walihitaji ardhi upande wa mashariki. Jibu hilo hupewa alama. Lakini hebu litazamwe vizuri. Kwamba Hitler alisema Wajerumani wanahitaji ardhi ni kweli. Kwamba walikuwa wakiihitaji ni jambo jingine kabisa. Mwanafunzi ameandika hoja ya mchokozi kana kwamba ni maelezo ya mwanahistoria, wala si yeye wa kulaumiwa. Neno *sababu* katika Kiswahili hubeba mambo mawili. Kwanza ni lile lililoleta tukio, kama tunaposema sababu ya mafuriko ni mvua. Pili ni ile hoja anayoitoa mtu kueleza kwa nini amefanya alilofanya. Mvua haina hoja. Mtu anayo, na huenda ikawa ya uwongo.

Maana hiyo ya pili Watanzania waliisikia kwa uwazi mwezi wa Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, Rais Nyerere alipotaja mambo matatu ya kumpiga mvamizi: sababu, nia na uwezo. Hapo *sababu* ni haki ya kutenda, na imetengwa na *nia*, ambayo ni azimio, na *uwezo*, ambao ni nguvu. Wasikilizaji hawakuhitaji kufafanuliwa. Lakini mwalimu wa historia akiuliza *sababu za Vita vya Kagera*, anauliza nini? Haki ya Tanzania ya kujibu? Madai ya Amin juu ya mpaka? Au hali ya jeshi la Uganda mwaka ule, ambamo vikosi vilikuwa vikiasiana? Majibu matatu hayo ni tofauti, na neno moja limeyafunika yote.

Twapendekeza *chanzo* litumike kwa mambo yaliyoleta vita, yawe ya karibu au ya mbali, na *sababu* liachiwe mtendaji: sababu alizozitoa Austria, sababu alizozitoa Ujerumani. Pale ambapo hoja ni ya kubuni, tunalo *kisingizio*, nalo ni neno kali na zuri. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1939 watu wa SS wakijifanya Wapolandi walivamia kituo cha redio cha Gleiwitz, na alfajiri yake Poland ikavamiwa. Hicho ndicho kisingizio, wala hapana haja ya neno jingine. Lakini kuuawa kwa Franz Ferdinand huko Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 hakukuwa kisingizio kwa maana hiyo, maana mauaji yalikuwa ya kweli. Wala hakukuwa chanzo, kwa kuwa mwezi mzima ulipita kabla Austria haijatangaza vita juu ya Serbia tarehe 28 Julai, na ndani ya mwezi huo serikali kadhaa zilikuwa na nafasi ya kukataa. Hapa neno linalofaa ni *kichocheo*. Kuchochea ni kusogeza kuni motoni ili moto uwake zaidi. Kwa hiyo neno lenyewe lakiri kwamba moto ulikuwapo, na lamwacha msomaji aulize mkono uliosogeza kuni ni wa nani. (Twaongeza kwa haraka kwamba marehemu huyo hakuwa *mwana wa mfalme*, kama visemavyo baadhi ya vitabu. Alikuwa mtoto wa nduguye Kaizari Franz Joseph, na mrithi wa kiti.)

Juu ya *matokeo*, *athari* na *madhara* hatuna mengi. *Matokeo* hayana upande, *athari* ni alama inayobaki, na *madhara* ni mabaya matupu. Hata hivyo tumeona orodha zenye kichwa *madhara ya vita* ambamo kuanzishwa kwa Umoja wa Mataifa mwaka 1945 kumewekwa namba ya nne. Labda mwandishi alikuwa na maoni yake.

Vita havianzi kwa neno moja, wala haviishi kwa neno moja. Tarehe 11 Novemba 1918 kule Compiègne kulitiwa sahihi mapatano ya kusimamisha mapigano. Tarehe 25 Novemba, mahali palipoitwa Abercorn, ambapo leo ni Mbala nchini Zambia, von Lettow-Vorbeck alisalimu amri na askari wake, kwa kuwa habari za Ulaya zilimchelewa porini. Tarehe 28 Juni 1919 mkataba wa amani ulitiwa sahihi Versailles. Ni matendo matatu, na kila moja lina sheria yake. Vitabu vyetu huyaita yote *suluhu*, au huandika kwamba Ujerumani *ilishindwa* mwezi wa Novemba, basi. Neno *suluhu* latoka katika kusuluhisha, yaani wagombanao wamepatana na kinyongo kimeondoka. Kusimamisha mapigano hakuondoi kinyongo. Korea ilisimamisha mapigano tarehe 27 Julai 1953 na mpaka leo hakuna mkataba wa amani. Atakayeandika kwamba mwaka huo kulipatikana *suluhu* hataweza kumweleza msomaji kwa nini mpaka ule umejaa askari. Na kwa upande wa Ujerumani, ni kwa sababu jeshi lake *halikusalimu amri* mwaka 1918 ndipo walipopatikana watu wa kudai kwamba halikushindwa, bali lilisalitiwa nyumbani. Mwaka 1945 washindi walikumbuka hilo. Walitaka kusalimu amri bila masharti, na wakataka sahihi za wanajeshi wenyewe.

Mkataba wa Versailles ndio shule kubwa ya mfasiri, hasa kifungu chake cha 231. Karibu kila kitabu cha Kiswahili kinachokitaja hukiita *kifungu cha hatia*, na husema kwamba Ujerumani ililazimishwa kukubali *hatia* ya kuanzisha vita. Kifungu chenyewe hakina neno hatia. Kinasema kwamba Ujerumani inakubali kwamba yeye na washirika wake wanabeba dhima ya hasara na maharibiko yaliyozipata nchi za washindi na raia wao kutokana na vita walivyotwishwa kwa uchokozi wa Ujerumani na washirika wake. Miongoni mwa walioshiriki kukiandika ni Mmarekani John Foster Dulles, na shabaha ilikuwa ya kiwakili: kupata msingi wa kudai malipo, kisha, katika kifungu cha 232, kukiri kwamba mali ya Ujerumani haitatosha kulipa hasara yote. Austria na Hungaria nazo zilitiwa kifungu cha namna hiyo hiyo katika mikataba yao.

Basi *hatia* ilitoka wapi? Ilitoka katika tafsiri na katika siasa. Andiko la Kijerumani lilitumia neno *Urheber*, yaani mwenye kuanzisha jambo, na mabishano ya hadhara yakalishika neno *Schuld*. Kijerumani hakitengi hatia na deni: *Schuld* ni yote mawili. Mjerumani aliyesikia kwamba nchi yake ina *Schuld* alisikia kwa pumzi moja kwamba inadaiwa fedha na kwamba ni mwovu. Kiswahili kina bahati ya kutenga. *Deni* ni la mali, *hatia* ni ya nafsi, na katikati yao tunalo *dhima*, yaani lile ambalo sheria inamtwika mtu hata kama moyo wake ni safi. Mwenye gari hubeba dhima ya ajali aliyoisababisha dereva wake. Hakuna anayemwita mwuaji. Lugha yenye maneno matatu inapojichagulia moja tu, tena lile kali, inaupokea ugomvi wa watu wengine pamoja na ghadhabu yao. Na mwanafunzi hafundishwi jambo lililo muhimu kuliko yote hapo, nalo ni kwamba wanasiasa wa Ujerumani walijipatia wafuasi kwa kupigana na neno ambalo halimo katika mkataba. Kwa hiyo twapendekeza *kifungu cha dhima* pale panapoelezwa mkataba, na *hatia ya vita* pale tu panapoelezwa mabishano yaliyofuata.

Kiasi cha malipo kilitangazwa mwaka 1921: marki za dhahabu bilioni 132. Sehemu kubwa haikulipwa kamwe, na mkutano wa Lausanne wa mwaka 1932 uliyasimamisha malipo. Lakini riba ya hati za mikopo iliyotokana nayo iliendelea kufuatwa, na fungu la mwisho lililipwa tarehe 3 Oktoba 2010. Malipo hayo sisi huyaita *fidia*. Tutalirudia neno hili.

Mkataba huo huo ndio uliowaondolea Wajerumani makoloni yao, na hapa istilahi inatugusa sisi wenyewe. Tanganyika ilitiwa mikononi mwa Uingereza, na Ruanda-Urundi mikononi mwa Ubelgiji, kwa kifungu cha 22 cha hati ya Shirikisho la Mataifa. Baada ya vita vya pili, mwaka 1946, nchi hizo ziliingizwa katika utaratibu mwingine chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Vitabu vyetu, isipokuwa vichache, huita taratibu zote mbili *udhamini*, na husema kwamba Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini tangu 1922 hadi 1961.

Kwanza, lenyewe *udhamini* si neno lisilo na kasoro. Mdhamini ni mtu anayesimama badala ya mdaiwa; mwenzake akishindwa kulipa, hulipa yeye. Uingereza haikusimama badala ya Tanganyika kwa deni lolote. Aliyepewa mali ya mwingine aitunze mpaka mwenyewe akue ni *wasii*, na serikali yetu inamjua vizuri, maana inayo ofisi ya Kabidhi Wasii. Lakini neno wasii laifanya nchi nzima kuwa yatima, na huenda ndiyo maana wazee wa TANU hawakulipenda. *Udhamini* limekwisha kukaa, tuliache likae, lakini likae mahali pake.

Mahali pake ni baada ya 1946. Hati ya Umoja wa Mataifa, katika kifungu cha 76, ilitaja kujitawala na uhuru kuwa shabaha ya utaratibu huo, na wajumbe wa Baraza walikuwa wakija kutazama: Tanganyika walifika mwaka 1948, 1951 na 1954. Ujumbe wa mwaka 1954 ulidiriki kusema kwamba uhuru wawezekana ndani ya miaka 20 au 25, na tarehe 7 Machi 1955 Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilo mjini New York. Utaratibu wa mwaka 1922 haukuwa na milango hiyo. Haukutaja uhuru kwa nchi za daraja la Tanganyika, wala haukuleta wajumbe wa kukagua.

Tofauti hii si ya wanasheria peke yao. Afrika ya Kusini ilikabidhiwa Afrika ya Kusini Magharibi kwa utaratibu wa kwanza, na baada ya 1945 ilikataa katakata kuiingiza katika ule wa pili. Ugomvi wote wa Namibia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya The Hague na mbele ya Baraza Kuu, ambalo mwaka 1966 lilitangaza kuikomesha mamlaka ya Afrika ya Kusini juu ya nchi ile, ulikuwa juu ya kukataa huko. Ukasababisha vita vya miaka mingi, hadi uhuru wa tarehe 21 Machi 1990. Sasa mwandishi wa Kiswahili, tena katika lugha ya mji wa Dar es Salaam ambao SWAPO ilikuwa na ofisi na Kamati ya Ukombozi ilikuwa na makao, anaandika kwamba *Namibia ilikuwa chini ya udhamini*. Amesema lile hasa ambalo Afrika ya Kusini ililikataa, na kiini cha mgogoro kimepotea katika neno moja.

Kwa utaratibu wa 1922 twapendekeza *ukabidhi*, na nchi yenyewe iitwe *nchi ya kukabidhiwa*. Wako watakaokumbusha kwamba katika kamusi za zamani *mkabidhi* ni pia mtu bahili, asiyeachia kilichomo mkononi. Tumelifikiria jambo hilo, na hatukuona kuwa ni kikwazo.

Tuje kwenye neno zito kuliko yote. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland, alibuni mwaka 1944 jina la uhalifu ambao hadi wakati huo haukuwa na jina, kwa kuunganisha neno la Kigiriki *genos* na kitenzi cha Kilatini cha kuua. Mkataba wa tarehe 9 Desemba 1948 ukalieleza: ni matendo yanayofanywa kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu, kundi la taifa, la kabila, la rangi au la dini. Kwa muda mrefu Kiswahili kilitumia *mauaji ya halaiki*, nalo lingali likisikika. *Halaiki* ni umati wa watu. Neno hili huhesabu maiti, haliulizi nia. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 liliua halaiki, lakini kuliweka chini ya mkataba wa 1948 ni madai mazito ambayo mfasiri hapaswi kuyatoa kwa kuteleza kalamu. Na kwa upande wa pili, mkataba haukuweka idadi: kundi dogo lililokusudiwa kumalizwa limo, ingawa si halaiki.

Baada ya 1994 ndipo lilipoenea *mauaji ya kimbari*. Ni hatua mbele, na sisi twaliunga mkono. Lakini lisipokewe bila kutazamwa. *Mbari* ni ukoo, watu wa shina moja. Lafaa sana kwa *genos*, lafaa kidogo kwa kabila, na kwa dini halifai hata kidogo, maana mtu haiingii dini kwa damu. Wasomi wa lugha wasiwe wepesi kuona huu ni ukali wa bure. Mahakama iliyokaa Arusha kwa azimio la Baraza la Usalama namba 955 la mwaka 1994, hata ikafunga milango mwishoni mwa mwaka 2015, ilikutana na swali hilo hilo katika kesi yake ya kwanza. Watutsi na Wahutu walikuwa na lugha moja, dini zile zile, na vilima vile vile. Je, ni *kundi* kwa maana ya mkataba? Hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ambayo ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hili, ililazimika kuzungumza kwa urefu juu ya kundi la kudumu ambalo mtu huzaliwa ndani yake, na juu ya vitambulisho vya serikali vilivyomwandika kila raia kabila lake. Majaji walikuwa wakitafuta kile ambacho sisi tunakitafuta: neno la kundi.

Wanyarwanda wenyewe walikuwa na *itsembabwoko*, ambalo limejengwa kama letu, kwa *ubwoko* mahali pa mbari. Hatimaye katika katiba na katika maandishi ya serikali walichukua *jenoside*, neno geni lisilo na mizizi, kwa hiyo lisilobishaniwa mizizi yake. Kiswahili hakina lazima ya kuwafuata. Ila mfasiri wa mkataba, anapofika kwenye fasili, na asiuache mzigo wote juu ya kivumishi. Aandike makundi yote manne, hasa lile la dini, wala asilifupishe kwa kudhani kwamba *kimbari* limekwisha kulisema.

Turudi sasa kwenye *fidia*, kwa kuwa neno hili halijatulia, na kila mwaka hati mpya huja mezani. Asili yake katika Kiarabu ni malipo ya kumkomboa mtu, na maana hiyo ingalipo katika Kiswahili cha dini. Hapo mlipaji ni upande wa aliyefungwa, si wa aliyefunga. Katika lugha ya serikali fidia ni malipo anayopewa mtu ambaye shamba lake limepitiwa na barabara, na serikali inayolipa haikiri kosa lolote. Kwa maneno mengine, *fidia* ya Kiswahili ni neno pole. Haina maungamo ndani yake. Jirani yake *dia*, ambayo ni malipo ya damu iliyomwagwa, ndiyo yenye maungamo, lakini hiyo haitumiki katika mikataba ya mataifa.

Mwezi wa Mei 2021 serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba matendo ya majeshi yake dhidi ya Waherero na Wanama kati ya 1904 na 1908, kwa mtazamo wa leo, ni mauaji ya kimbari, na ikaahidi Yuro bilioni 1.1 kwa muda wa miaka 30. Iliepuka kwa uangalifu mkubwa neno la kisheria la malipo ya dhima; fedha ziliitwa za ujenzi na maendeleo, na hilo ni moja ya mambo yaliyowafanya viongozi wengi wa Waherero na Wanama wayakatae mapatano. Anayeandika kwa Kiswahili kwamba Ujerumani *imekubali kulipa fidia* amewatatulia wahusika mgogoro wao bila wao kujua. Anayeandika *msaada* tu naye amechukua upande. Kwa kuwa *fidia* ni pole, twaona yafaa ipewe kiambatisho kila inapokuwa ya sheria: *fidia kwa dhima*. Hapo sentensi yaweza kuandikwa bila kumdhulumu mtu: Ujerumani imeahidi fedha, lakini imekataa kuziita fidia kwa dhima.

Uangalifu huo huo ulitakiwa tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza, William Hague, aliposimama bungeni kusema juu ya mateso waliyotendewa watu nchini Kenya katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Wadai 5,228 walikubaliwa malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi. Lakini serikali ile iliendelea kukana kwamba inabeba dhima mbele ya sheria, na kitenzi alichokichagua waziri kilikuwa cha kusikitika. Wako waliokifasiri *imejuta*, na wako waliokifasiri *imeomba radhi*. Vitenzi hivi havilingani. Kusikitika hakuhitaji kosa. Mtu husikitika na mfiwa. Kujuta ni juu ya tendo la mtu mwenyewe. Kuomba radhi ni zaidi, kwa sababu ni kujiweka chini ya mkosewa na kumpa uwezo wa kusema hapana. Waziri hakumpa mtu uwezo huo. Mzee wa Nyeri aliyesoma gazetini kwamba ameombwa radhi aliambiwa jambo ambalo mwombaji hakulisema, na kama alijibu moyoni kwamba amesamehe, alimsamehe mtu ambaye hakuomba.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea, mahali alipozikwa Chifu Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906, akasema mbele ya wajukuu wa waliopigana kwamba anaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Kitenzi alichokitumia katika Kijerumani ni cha kuomba. Basi hapa *kuomba msamaha* ni tafsiri sahihi, na *kusikitika* ingekuwa upungufu. Lakini *kukiri dhima* hakumo katika sentensi yake, na mfasiri asimtilie.